Gari limeanza kula esansi baada ya vidanji: namna ya kutafuta chanzo

Gari limetoka garaji wiki iliyopita baada ya vidanji, yaani kubadilishiwa oili, likiwa na oili mpya, buji (plagi) mpya na chujio jipya la hewa, lakini mshale wa esansi (petroli) unashuka upesi kuliko ulivyokuwa ukishuka kabla ya matengenezo. Mwenye gari hurudi kwa fundi akiwa amekasirika, fundi humwambia kwamba pampu imechoka au sindano za kurushia esansi zimechafuka, na kazi ya kubadilisha vipuri huanza upya bila mtu kuuliza swali la kwanza: ni kitu gani hasa kiliguswa? Gari lililokuwa likila lita 9 kwa kilomita 100 kabla ya kuingia garaji halianzi kula lita 11 siku tatu baadaye kwa sababu ya uzee. Kuna mkono uliopita mahali fulani ukaacha jambo halijakaa sawa, na kazi yetu ni kuufuata mkono huo hatua kwa hatua, tukianza na mambo yanayokaguliwa bila gharama.

Pima kabla ya kulalamika

Mshale wa esansi si kipimo. Katika magari mengi nusu ya juu ya mshale huchukua kilomita nyingi kuliko nusu ya chini, kwa hiyo anayeanza kuhesabu tangi likiwa nusu ataona hasara hata pale isipokuwepo. Jaza tangi katika kituo kimoja, kwenye pampu ileile, mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, wala usiongeze tone. Andika namba ya kilomita. Tembea si chini ya kilomita 250 au 300 katika safari zako za kawaida, rudi kwenye pampu ileile, jaza kwa namna ileile, kisha zidisha lita zilizoingia kwa 100 na ugawe kwa kilomita ulizotembea. Lita 38 kwa kilomita 332 ni lita 11.4 kwa kilomita 100. Kwa mkazi wa Lubumbashi, mji wetu wa kusini mwa Kongo, safari ya Likasi kwenda na kurudi, takriban kilomita 240, ni mwanzo mzuri wa kufikisha kilomita hizo, kwa kuwa mwendo wake haukatwi ovyo kama ule wa mjini. Safari ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, haifai kwa kupima ikiwa utakaa saa mbili kwenye foleni ya malori, kwa maana injini inayonguruma gari likiwa limesimama huteketeza kati ya nusu lita na lita moja kila saa huku kilomita haziongezeki.

Katika muda wa kupima, usinunue kwa kadhafi, yaani muuza esansi wa chupa wa barabarani. Sisemi kwamba wote si waaminifu, maana siku vituo vinapokauka ndio wanaotuokoa. Lakini chupa si kipimo cha lita, na esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa hupunguza nguvu ya injini, nawe utakuwa unaitafuta ndani ya gari hitilafu iliyokuwa ndani ya bidoni.

Kuna hali mbili ambazo ongezeko huonekana kwa macho tu. Ya kwanza ni gari lenye kioo kinachoonyesha wastani wa matumizi. Fundi akitenganisha waya wa batri, wastani huo hufutika na kuanza upya, na kilomita za kwanza za asubuhi mjini, injini ikiwa baridi, hutoa namba ya kutisha. Pamoja na wastani huo hufutika pia yale ambayo kompyuta ya injini ilikuwa imejifunza kuhusu kiasi cha esansi na mwendo wa kusimama (injini ikinguruma gari halitembei), hasa ikiwa koo la hewa, yaani mlango unaoingizia hewa kwenye injini, lilisafishwa. Ipe gari siku chache za mwendo wa kawaida kabla ya kuihukumu.

Ya pili ni matairi, na hapa hata madereva wa miaka mingi hudanganyika. Kilomita unazosoma zinatokana na hesabu ya mizunguko, na tairi kubwa zaidi huzunguka mara chache zaidi kwa njia ileile. Tairi la 195/65 R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi, na la 205/70 R15 lina milimita 668. Aliyehama kutoka la kwanza kwenda la pili kwa sababu ya mashimo ya barabara atasoma kilomita pungufu kwa karibu asilimia 5, na hesabu yake itaonyesha kwamba gari limeongeza ulaji kwa kiasi hichohicho ingawa halijanywa hata tone la ziada. Hata matairi ya kipimo kilekile, yakiwa mapya, huwa na kipenyo kikubwa kidogo kuliko yaliyolika, na mpira wake mzito huvuta zaidi mpaka ulainike.

Andika kila kilichoguswa

Hesabu ikithibitisha kwamba ongezeko ni la kweli, chukua karatasi ya garaji. Ikiwa hukupewa karatasi, mpigie fundi simu kwa upole na umwombe akutajie kazi zote alizofanya, hata zile ambazo hukumtuma. Hizo ndizo muhimu zaidi. Fundi mwema wa kwetu hawezi kuona kitu kinachomsumbua akakiacha. Atakaza breki ya mkono, ataongeza waya wa feni, atatoa kipuri anachokiona cha ziada, na kwa kuwa amefanya kwa hisani hatakiandika kwenye bei. Ni vizuri pia kuwa na desturi ya kudai vipuri vilivyotolewa. Buji kuukuu zikiwa mkononi, utaweza kulinganisha namba yake na ya zile mpya, jambo lisilowezekana zikiwa zimekwisha kutupwa.

Vinavyokaguliwa barabarani

Anza na upepo. Matairi yakihamishwa kutoka mbele kwenda nyuma, mara nyingi upepo haurekebishwi, na kwado, yaani fundi wa matairi, aliyeyafungua huweza kuyajaza kwa kukisia. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha ukingo wa mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla matairi hayajapata joto. Kila upungufu wa bari 0.1 katika matairi yote manne huongeza matumizi kwa takriban asilimia 0.3, kwa hiyo upepo uliopungua kwa bari 0.7 utaeleza asilimia 2 hivi za hasara yako, si asilimia 20. Nasema hivi kwa sababu wengi wakikuta upepo mdogo huridhika na kuacha kutafuta.

Breki zina uzito zaidi. Pedi mpya ni nene. Ikiwa pini ambazo kalipa (kishikio kinachobana pedi) huteleza juu yake hazikusafishwa na kupakwa grisi, pedi moja hubaki imegusa diski hata unapoachia kanyagio, na injini hulazimika kusukuma gari lililokamatwa. Breki ya mkono iliyokazwa kupita kiasi hufanya vivyo hivyo kwenye magurudumu ya nyuma. Mji wetu una tambarare za kutosha kwa jaribio hili: tembea kilomita 10 hivi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, acha gari lipungue lenyewe mpaka lisimame, kisha shuka upitishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kuwa na joto linalolingana, na mawili ya nyuma vilevile. Moja likiwa na joto la jiko wakati mwenzake ni vuguvugu, chanzo umekipata. Ukiwa na jeki na kigingi madhubuti cha kushikilia gari, inua gurudumu hilo, ulizungushe kwa mkono; kelele nyepesi ya kusugua haina ubaya, lakini gurudumu linalogoma kumaliza mzunguko mmoja lirudishwe kwa aliyelifunga.

Baada ya breki, chomoa kijiti cha oili gari likiwa limesimama mahali sawa na injini imezimwa kwa dakika 10. Oili iliyozidi alama ya juu hupigwa na mhimili unaozunguka chini ya injini hadi ikatoa povu, na nguvu inayopotea huko inalipwa kwa esansi. Unene wake nao una maana. Injini iliyotengenezwa kwa oili ya 0W-20 au 5W-30, ikijazwa 20W-50 kwa imani kwamba oili nzito ndiyo inayolinda injini ya Afrika, huzunguka kwa taabu, hasa asubuhi. Kwa tofauti ndogo, kama 10W-30 mahali pa 5W-30, hasara ni asilimia 1 hadi 2. Kwa 20W-50 tazamia zaidi. Fuata kitabu cha gari. Injini kuukuu inayokula oili ina hoja yake ya kutumia nzito kidogo, lakini hoja hiyo itolewe na hali ya injini, isitolewe na dumu lililobaki garajini.

Kipuri kilichotolewa kwa hisani

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, kwa uzoefu wangu hapa Lubumbashi, hueleza ongezeko kubwa zaidi kuliko yote yaliyotangulia, nalo ni themostati. Hii ni vali ndogo iliyofungwa mahali maji ya kupozea yanapotoka au kuingia kwenye injini. Ndani yake kuna nta inayoyeyuka na kutanuka kwenye joto la nyuzi 82 hadi 88 hivi, ikaifungua njia ya kwenda radieta. Kabla ya hapo maji huzunguka ndani ya injini tu, ili ipate joto haraka.

Fundi wengi huitoa. Sababu yao haikosi msingi: vali ikikwama imefungwa, injini huchemka na kuungua, na mteja hulia. Lakini ikitolewa kabisa, maji hupita kwenye radieta tangu dakika ya kwanza, injini haifikii joto lake, kompyuta inaposoma kwamba bado ni baridi huendelea kumimina esansi ya ziada kama inavyofanya wakati wa kuwasha, na esansi isiyoungua huteremka ukutani mwa silinda na kuchanganyika na oili.

Mimi mwenyewe nilipeleka gari langu dogo la injini ya lita 1.5 katika garaji moja ya Kampemba mwezi wa Mei kwa ajili ya vidanji na kubadilisha maji ya radieta. Kabla ya hapo lilikuwa likila lita 8.6. Mwezi wa Juni nilipima mara mbili nikapata 10.4. Upepo ulikuwa sawa, breki ziko huru, oili kwenye alama. Kilichonifumbua macho ni hewa ya kupasha joto ndani ya gari. Asubuhi za Juni na Julai kwetu baridi hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10, na hewa hiyo, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa ikitufanya tuvue makoti kabla ya kufika mjini, sasa ilitoka vuguvugu hata baada ya nusu saa, huku mshale wa joto ukilala chini ya robo. Nilipomuuliza fundi, alijibu bila kusita: «Papa, ile niliitosha juu ya moteri isichemuke,» yaani aliitoa ili injini isichemke. Tulifungua kifuniko pamoja. Ndani mlikuwa na pete ya mpira peke yake, na katikati yake tundu jeusi. Tulifunga themostati mpya yenye namba 82 iliyopigwa chapa kwenye shaba, na tangi lililofuata lilitoa lita 8.8.

Huna haja ya kufungua chochote ili kujua. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, iwashe na ushike bomba nene la juu la radieta, ukiweka mikono na nguo mbali na feni na mikanda. Katika magari mengi bomba hilo linapaswa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha lipate joto ghafla vali inapofunguka. Likianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, vali imekwama wazi au haipo. Kifuniko cha radieta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa na moto.

Ukishagundua hivyo, muulize fundi ni kitu gani kilimfanya aogope kuchemka, maana huenda aliona dalili ya kweli akatibu mahali pengine. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ambako maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima cha radieta chenye nguvu ya bari 1.1 huyabana maji hadi yakahitaji karibu nyuzi 120 ili yachemke. Mpira wa kifuniko hicho ukipasuka, mbano hutoroka, maji huchemka katika joto ambalo injini hulivumilia kila siku, na joto la Oktoba likifika kila mtu huona mvuke na kusema themostati ndiyo adui. Kifuniko ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote vinavyotajwa hapa, kibadilishwe kwanza. Angalia pia kama feni imeunganishwa moja kwa moja na batri ili izunguke muda wote. Huo nao ni msaada wa aina ileile, unaopoza injini kupita kiasi na kula umeme.

Hewa na buji

Chujio jipya la hewa lenyewe halibadilishi sana ulaji katika injini ya sindano, liwe jipya au chafu, kwa kuwa kompyuta hupima hewa iliyoingia na kutoa esansi inayolingana nayo. Chujio lililoziba kwa vumbi jekundu la Septemba hupunguza nguvu zaidi kuliko linavyoongeza matumizi. Injini za kabureta ndizo zinazoumia. Shida iko kwenye kazi ya kulifunga. Bomba la mpira kati ya sensa ya kupima hewa na koo la hewa lisipobanwa vizuri, hewa isiyopimwa huingia, hesabu ya kompyuta huharibika, na mwendo wa kusimama huyumba. Mipira midogo ya mvuto wa hewa, mingine minene kama kalamu tu, hung'oka mkono unapopita ukitafuta buji. Sikiliza injini ikiwa imesimama kwenye mwendo wa chini: mlio mwembamba wa kufyonza ni ushahidi. Unaweza kurusha ukungu wa maji safi juu ya maungio ya mipira, mbali na waya za umeme, na sauti ya injini ikibadilika papo hapo umepaona panapovuja. Wapo wanaofanya jaribio hilo kwa esansi. Injini yenye moto si mahali pa mzaha huo.

Kagua soketi ya sensa ya hewa na ile ya sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Iliyoachwa bila kusukumwa hadi ikalia «tak» humfanya dereva atembee miezi akiwa na kompyuta inayokisia.

Kuhusu buji, namba yake ilingane na ya kitabu, na mwanya wake, ambao katika magari mengi ni kati ya milimita 0.8 na 1.1, upimwe hata zikiwa mpya kutoka kwenye boksi. Buji isiyowasha vizuri hudhuru mara mbili. Esansi ya silinda hiyo hutoka bila kuungua, na pamoja nayo hutoka oksijeni ambayo haikutumika. Sensa huiona oksijeni hiyo, huamini kwamba mchanganyiko una esansi pungufu, na kompyuta huongeza zaidi. Mtetemo mdogo gari likiwa limesimama kwenye taa, pamoja na harufu ya esansi mbichi nyuma ya gari, hutosha kukurudisha kwenye buji na koili zake.

Ikiwa mkanda wa taimingi ulibadilishwa, na tangu siku hiyo gari limekuwa zito kupanda hata kilima kidogo, jino moja lililoruka laweza kuwa ndilo chanzo. Hapo usijaribu kukagua mwenyewe. Alama zifunguliwe na zihakikiwe. Gari la giaboksi ya otomatiki lililobadilishiwa mafuta ya gia litazamwe aina ya mafuta hayo na kiwango chake, kwa sababu mafuta yasiyofaa huweza kuzuia kufuli la giaboksi lisishike kwenye mwendo wa barabara kuu, na mizunguko ya injini hubaki juu pasipo sababu.

Wenye magari ya mazutu (dizeli) waangalie kwanza mabomba makubwa ya hewa ya turbo. Kishikizo kimoja kilicholegea baada ya chujio kubadilishwa hutoa moshi mweusi unapokanyaga, na nguvu hupungua mpaka dereva akazoea kukanyaga zaidi.

Kuisoma kompyuta

Magari mengi ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996 na Ulaya tangu 2001 yana tundu la kusomea hitilafu chini ya usukani, na magari mengi ya Japani yanayofika hapa yanalo pia. Kisomeo kidogo kinachozungumza na simu kinatosha. Msimbo P0128 husema maji hayafikii joto linalotakiwa, yaani themostati. P0171 ni mchanganyiko wenye esansi pungufu, mara nyingi kwa sababu ya hewa inayovuja. P0172 ni esansi iliyozidi. P0300 ni silinda zinazokosa kuwasha. Hata pasipo msimbo, tazama joto la maji baada ya dakika 20 za mwendo, na asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwenye esansi. Ikizidi 10 kwa upande wowote kwa muda mrefu, kuna kitu kinachoisukuma. Usimruhusu mtu afute misimbo kabla hujaiandika.

Unaporudi garaji, nenda na namba mbili za matumizi, ya kabla na ya baada, pamoja na kile ulichokiona: gurudumu la kushoto la nyuma lina moto, bomba la juu linapata joto tangu dakika ya kwanza, mpira umelegea. Fundi aliyeonyeshwa mahali hurekebisha kazi yake kwa wepesi kuliko aliyeambiwa kwamba gari lake ni bovu. Mwombe arekebishe jambo moja, kisha jaza tangi kwenye pampu ileile na upime kabla hajagusa la pili.